Moto wa Bi. Siwatu Wakubaliwa

Iko nchi moja ambayo wachora ramani huiruka, kwa sababu kila wakifika mpakani huambiwa waje kesho. Ni nchi nzuri, ina watu wapole na mihuri mingi. Mwaka yalipotokea haya, serikali ya huko iligundua kwamba wananchi wanaungua ovyo. Leo huyu, kesho yule, mwingine Jumapili ofisi zimefungwa. Moto ulikuwa unaingia kwenye nyumba za watu bila hodi wala barua ya utambulisho.

Ikaundwa Wizara ya Moto. Akateuliwa Waziri, akateuliwa Naibu Waziri wa Moto Mdogo, akateuliwa pia Mkurugenzi wa Moshi, aliyepewa gari refu kwa kuwa moshi husafiri sana. Wizara ilihitaji jengo, na jengo lililofaa lilikuwa la kikosi cha zimamoto. Basi kikosi kikavunjwa. Wazima moto wakapewa cheti cha shukrani kila mmoja, wakaambiwa sasa moto una wenyewe.

Mmoja wa wazima moto hao alikuwa Mzee Sufiani, mume wa Bi. Siwatu, wa mtaa wa Tegemea. Alirudi nyumbani na cheti chenye jina la mtu mwingine, akakitundika hivyo hivyo, akaanza kazi ya kuziba majiko na sufuria. Mkewe alikuwa akipika vitumbua kwenye jiko la uani, kijumba cha matofali ya udongo chenye paa la bati, walichokijenga wenyewe mwaka waliooana. Yeye alikanyaga udongo, mume akapanga matofali. Kila siku baada ya swala ya alfajiri aliingia humo, akasema Bismillahi, akawasha kuni. Watoto watano walisomeshwa na vitumbua vya jiko lile. Ukimwondolea Bi. Siwatu jiko lake, umemwondolea mikono.

Kwa hiyo tangazo lilipobandikwa, alilisoma mara tatu, kidole kikifuata kila mstari. Lilisema kila anayewasha moto wa kupikia lazima awe na mtungi wa kuzimia moto ulioidhinishwa na Wizara. Asiye nao, jiko lake litapigwa lakiri.

"Hili ni jambo la maana," alisema Mzee Sufiani. "Miaka thelathini nimelia na watu waweke mitungi majumbani. Twende."

"Mbona unacheka?"

"Sicheki. Nimefurahi. Nimesahau tu uso wa kufurahi unavyokaa."

Ofisini walimkuta karani kijana aitwaye Feruzi, shati limenyooshwa hadi linakata.

"Shikamooni. Mnaomba mtungi wa moto gani?"

"Marahaba, mwanangu. Wa moto huu huu wa kuunguza," akajibu Bi. Siwatu.

"Mama, moto una madaraja. Mtungi wa unga ni wa raia. Wa povu ni wa wakuu wa idara. Wa gesi ni wa mawaziri, maana gesi haiachi doa kwenye zulia."

Mzee Sufiani akakohoa. "Mwanangu, mtungi huchaguliwa kwa kinachoungua, hauchaguliwi kwa cheo cha anayeungua. Mama yako huyu anakaangia mafuta. Mafuta yakishika moto hayamwagiwi maji, yatamrukia usoni. Kati ya hiyo uliyonayo mpe wa unga, na uwe mwepesi, auinue bila kumwita jirani."

"Mzee, wewe ulikuwa Kikosi?"

"Nilikuwa."

"Ndiyo maana. Kikosi kilivunjwa kwa maneno kama hayo." Akavuta fomu. "Jina nimeandika. Mtaa nimeandika. Sasa, mama, moto wenyewe utatokea wapi?"

"Moto upi?"

"Unaoombea mtungi. Hatuwezi kutoa mtungi kwa moto usiojulikana. Sebuleni, chumbani au jikoni?"

"Mungu apishie mbali, mwanangu. Usiniandikie moto."

"Unapika wapi, basi? Jikoni, siyo? Nimeandika jikoni. Chanzo?"

"Sina chanzo. Nina vitumbua."

"Mafuta ya vitumbua. Vizuri sana. Tarehe?"

Bi. Siwatu aliweka mkoba chini. "Sikiliza, baba. Mambo ya kesho anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Mimi hata tarehe ya kufa kwangu siijui, nitaijuaje ya moto? Siandiki, na kidole changu sikitii wino."

"Basi jiko litapigwa lakiri Ijumaa."

Karani hakuwa mtu mbaya. Mama yake mwenyewe alikuwa akiuza mihogo. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, wote wanaandika tu. Mimi nitakuandikia Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane. Jumanne huwa hatuna mikutano. Na sahihi nitatia mimi kwa niaba yako."

"Umeandika wewe," alisema Bi. Siwatu.

"Nimeandika mimi."

"Mungu anakuona."

"Namwomba aone na mwandiko, maana mkuu wangu huwa anaukataa."

Hivyo mtungi ukapatikana, mwekundu, unang'aa, umevikwa nailoni.

Sasa wenyeji wa nchi ile walikuwa na desturi yao. Kitu cha thamani hakitumiki, kinangojea wageni. Vikombe vizuri vilikaa kabatini miaka ishirini vikisubiri mgeni anayestahili, na akija anaonekana hastahili. Redio ilivikwa kitambaa cha kufuma, na kitambaa kikavikwa nailoni kisishike vumbi. Kwa hiyo mtaa wote wa Tegemea ulipopokea mitungi, hakuna aliyejiuliza itakaa wapi. Ilikaa sebuleni, ndani ya kabati la vyombo, kabati limefungwa kwa ufunguo, ufunguo uko kwenye mfuko wa mama mwenye nyumba, na mama mwenye nyumba yuko sokoni.

Wizara ilipoona hivyo ilipendezwa, ikaifanya desturi kuwa kanuni. Akawa anapita Mkaguzi Kitwana kila mwezi, mtu mnene mwenye daftari. Alikagua kama nailoni ipo, kama kitambaa kimepigwa pasi, na kama lakiri ya pini ni nzima. Kuvunja lakiri bila kibali lilikuwa kosa. Kwa jirani yao Bi. Mwanahawa alikuta mtungi umevikwa kitambaa cheupe kilichofumwa maneno "Karibu Mgeni", akaufanya wa kwanza wilaya nzima.

"Wako umekaa kinyonge, Bi. Siwatu," alisema siku moja. "Mwenzio ameweka hadi maua."

"Mwanahawa ana mikono ya kufuma. Mimi yangu imezoea mafuta."

Asichojua Mkaguzi ni kwamba kila mwezi, majirani wakishakwenda sokoni, Mzee Sufiani alimwomba mkewe ufunguo. Aliutoa mtungi, akatazama mshale wa geji kama umelala kwenye kijani. Aliugeuza kichwa chini miguu juu, akaupiga kitako kwa kiganja ili unga usigande, akausikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. Akachungulia mdomo wa mpira kama mende hajataga. Kisha akaurudisha, na kitambaa chake, na nailoni yake. Bi. Siwatu alikuwa amesimama mlangoni akimlindia.

"Ukihitajika je, na umefungiwa huku na jiko liko kule?" aliuliza.

"Nilikuwa nawaza hilo hilo. Mahali pake ni karibu na mlango wa jiko. Usiwe juu ya moto, maana hutaufikia. Uwe mlangoni, uuchukue huku mgongo unatazama nje."

"Waambie, basi."

"Niliwaambia miaka thelathini. Wakanipa cheti."

Mwezi wa nane ulipoingia, ikaja barua yenye mihuri minne. Ilisema:

"Bi. Siwatu, unajulishwa kwa furaha kwamba moto wako umekubaliwa. Unatakiwa kuungua Jumanne tarehe kumi na nne, saa nne kamili asubuhi, bila kukosa, angalau paa moja. Mgeni rasmi atakuwa Mheshimiwa Waziri. Tafadhali fika mapema kwenye moto wako."

Alimkimbilia Feruzi ofisini, barua mkononi, pumzi hana.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

Karani alikuwa amekonda kidogo tangu mara ya mwisho. "Mama, hata mimi sikujua. Wizara iliahidi kwamba mwaka huu wananchi watazima mioto arobaini kwa mitungi yake. Mwaka umepita nusu na hajaungua hata mmoja. Wamefungua makabrasha, fomu yako ndiyo yenye mwandiko unaosomeka."

"Futa."

"Moto ulioidhinishwa haufutwi. Unaweza kuletwa mapema ukawa Jumatatu."

"Na Jumanne ikifika, Mungu akaninusuru, kusiungue?"

Feruzi alifungua kitabu cha kanuni, akasoma huku macho yakimkwepa. "Kuidanganya serikali kuhusu moto. Adhabu yake ni kubomolewa jiko."

"Kwa hiyo likiungua sina jiko, na lisipoungua sina jiko."

"Kanuni imejitahidi kuwa ya haki pande zote, mama."

Bi. Siwatu alirudi nyumbani kwa miguu. Hakulia njiani. Alipofika aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaweka kiganja kwenye ukuta wenye masizi. Mzee Sufiani akamkuta hapo.

"Nimewaza tuwashe mafuta kidogo kwenye sufuria kuukuu hapa uani," alisema mume. "Wauone, tuuzime, waondoke."

"Barua inasema angalau paa moja."

"Basi tuhame na jiko?"

"Udongo nilioukanyaga kwa miguu yangu nauhamishaje, Sufiani?" Akainuka kwenye kigoda. "Nitaswali. Wao wana Waziri."

Jumanne ikafika na watu wake. Hema kubwa lilifungwa kwenye uwanja ulio kando ya nyumba, likapambwa mapazia ya nailoni ya rangi zote za taifa. Viti vilipangwa kwa madaraja ya moto. Nyuma ya jukwaa la Waziri ilisimamishwa mitungi kumi na miwili ya heshima, yote mikubwa, yote na vitambaa, ndani ya kabati la vioo lililoletwa kutoka makao makuu. Kwaya ya watumishi iliimba. Watoto wa shule wakaghani ngonjera ya kumshukuru mtungi. Afisa Mwashaji alikuwa amekaa karibu na jiko la Bi. Siwatu na dumu la mafuta ya taa na kijiti kimoja cha kiberiti ndani ya bahasha. Kijiti hicho kilihitaji sahihi tatu kabla ya kuwashwa, na mbili zilikuwa zimeshapatikana. Ya tatu ilikuwa ya Waziri, na Waziri alikuwa anahutubia.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "zamani moto ulikuwa unatutawala. Leo sisi tunautawala moto. Zamani mtu aliungua hajui lini. Leo mama yetu Siwatu amejua miezi mitatu kabla, amejiandaa, amepika na vitumbua. Hayo ndiyo maendeleo. Zipo nchi tajiri ambazo mpaka leo zinaungua kwa kushtukizwa."

Watu wakapiga makofi. Bi. Siwatu alikuwa amekalishwa mstari wa mbele, amevishwa shada, mtungi wake umewekwa mapajani. Alikuwa hamtazami Waziri. Mwanamke aliyekaa mbele ya mafuta ya moto miaka arobaini hujua hewa inapobadilika. Alikuwa anatazama nyuma ya hema, mahali ilipokuwa jenereta ya vipaza sauti. Fundi alikuwa anaiongezea petroli huku inanguruma, maana hotuba ilikuwa imeizidi tangi.

Petroli ikamwagika juu ya chuma cha moto. Kukasikika mlipuko mdogo kama wa mtu kutandika shuka. Pazia la kwanza likashika, likalipasia la pili.

Watu wakapiga makofi zaidi. Kwaya, ikidhani zamu yake imefika, ikaanza ubeti mwingine.

"Samahani," akasema mshereheshaji kwenye kipaza sauti, akitazama karatasi yake. "Moto huo haumo kwenye ratiba. Tunaomba usubiri mgeni rasmi amalize."

Haukusubiri. Pazia lililo juu ya kichwa cha Waziri likaanza kudondosha matone ya nailoni inayowaka, na tone moja likatua kwenye bega la koti lake. Hapo Waziri akageuka, akaona, akasahau neno lililofuata. Walinzi wakalivamia kabati la vioo. Ufunguo ulikuwa makao makuu. Wakavunja kioo kwa kiti, wakatoa mtungi wa kwanza, wakauminya. Ukatoa pumzi moja, ukanyamaza. Wa pili unga ulikuwa umeganda kama ugali wa jana. Wa tatu walipoung'oa kitambaa wakaona ni gogo la mti limepakwa rangi, lililoletwa kutimiza idadi.

Bi. Siwatu alikwishasimama. Shada likamwanguka. Feruzi akamshika mkono.

"Mama, kibali chako ni cha jikoni. Ukivunja lakiri hapa ni kosa. Watakubomolea."

"Mwanangu, yule ni mtu anaungua."

"Ni Waziri."

"Ni mtu kwanza."

Akachana nailoni kwa meno. Akasikia sauti ya mumewe nyuma yake, tulivu, ile sauti ya kazini ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani. "Vuta pini. Simama mbali kidogo. Elekeza chini, pale unapoanzia, usifukuze ndimi. Minya. Fagia kushoto na kulia."

Akasema Bismillahi, akavuta, lakiri ikakatika. Unga ukatoka kwa nguvu hadi bega likamruka. Alifagia chini ya pazia kama anavyofagia uani kila asubuhi, bila haraka, bila kuruka kona, na alipomaliza la mwisho akamfagia na Waziri. Watu waliozindukana wakamwaga mchanga kwenye jenereta. Kukawa kimya, na moshi, na katikati ya moshi amesimama Waziri, mweupe kuanzia nywele hadi viatu, kope tu zinapepesa.

"Umeumia, baba?" aliuliza Bi. Siwatu.

Waziri alijishika bega, akajishika kichwa. "Niko mzima," akasema, na kwa muda huo mfupi alionekana kama mtoto wa mtu. Kisha wasaidizi wakamzunguka, akawa Waziri tena.

Walijifungia kwenye gari la Mkurugenzi wa Moshi kwa saa nzima kutafuta kilichotokea. Jambo lilikuwa gumu. Hema la Wizara haliwezi kuungua, kwa kuwa Wizara haijajaza fomu. Mitungi ya heshima haiwezi kushindwa, kwa kuwa ilikaguliwa. Kwa bahati taarifa ya siku ile ilikuwa imekwisha kuchapwa tangu wiki iliyopita, nakala mia mbili, na muhuri umegongwa. Akatoka msaidizi akaisoma mbele ya watu:

"Leo, saa nne kamili, jiko la Bi. Siwatu wa mtaa wa Tegemea limeteketea lote. Mwananchi huyo amezima moto kwa mtungi wa Wizara. Hakuna aliyedhurika. Jiko halipo tena."

Bi. Siwatu akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, baba. Jiko langu lile pale. Lililoungua ni hema lenu."

Waziri akatazama jiko. Lilikuwa limesimama, bati lake linameta juani, kuku mmoja yuko juu ya paa. Akatazama karatasi. Akatazama jiko tena. Karatasi ilikuwa na mihuri minne.

"Pole sana, mama," alisema kwa huruma ya kweli. "Mshtuko."

"Mimi siwezi kutia sahihi jambo lisilokuwa."

"Nimeshatia mimi," akasema Feruzi kwa haraka, "kwa niaba."

Wakakunja viti, wakaondoka. Afisa Mwashaji alirudisha kijiti kwenye bahasha, maana jiko likishaungua haliwashwi mara ya pili.

Tangu siku hiyo Bi. Siwatu alimweleza kila aliyemuuliza kwamba jiko lake halikuungua. Alisema msikitini kwa wanawake wenzake, alisema kisimani, alisema ofisini, ili asije akaulizwa mbele ya Mola wake kwa nini alinyamaza. Walimsikiliza kwa upole, wakamtazama kwa masikitiko. Lakini kwa kuwa jiko halikuwepo, hakukuwa na kanuni ya kulihusu. Mzee Sufiani aliupeleka mtungi kwa mwenzake wa zamani wa Kikosi, ukajazwa unga mpya, ukapimwa, ukatiwa pini na kadi ya tarehe. Akaupigia msumari pembeni ya mlango wa jiko, urefu wa bega la mkewe, bila kitambaa wala nailoni. Bi. Mwanahawa alikuja kuuchungulia, akauliza kwa aibu kama kuna namna na jiko lake yeye linaweza kuungua kwenye karatasi. Kufikia mwezi wa kumi mtaa mzima ulikuwa umeomba, na Wizara ikatangaza imevuka malengo.

Mkaguzi Kitwana aliendelea kupita, kwa kuwa ratiba yake ilikuwa haijabadilishwa. Asubuhi moja alijipenyeza mlangoni, akainamisha kichwa kisigonge bati, akaketi kwenye kigoda na kufungua daftari juu ya goti.

"Jiko, halipo," aliandika, akapokea kitumbua. "Pole, Bi. Siwatu. Umeshaanza kuzoea?"

"Bwana Kitwana, umeegemea ukuta wake. Shati lako limeshika masizi."

Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika tena, akisoma kwa sauti ili asikosee: "Mwathirika bado analiona jiko." Akala cha pili, akala cha tatu, akachana karatasi tupu mwishoni mwa daftari. "Nifungie vinne vya mama watoto."

Bi. Siwatu akaviopoa, akavichuja mafuta, akamfungia.

"Shika kwa huku," alimwambia, "usijiunguze. Vimetoka jikoni sasa hivi."